Lumeni, giza na hewa nyepesi: projekta ya nyumbani Mbeya na Iringa

Boksi la projekta ya bei nafuu, liwe limewekwa dukani Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, huwa na namba tatu kubwa ubavuni. Ya kwanza ni lumeni, ya pili ni ukali wa picha, ya tatu ni ukubwa wa picha kwa inchi. Muuzaji huzisoma kwa sauti: "Bosi, hii lumeni elfu tisa, inchi mia mbili, na inasapoti 4K." Kila namba kati ya hizo inaweza kutetewa kwa maana fulani, na kwa maana hiyo hiyo ikawa haimsaidii mnunuzi. Makala haya yanazichukua moja baada ya nyingine na kueleza kila moja inapima nini. Kisha yataongeza jambo ambalo haliandikwi kwenye boksi, nalo ni mahali ambapo mashine itafanya kazi. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Iringa uko juu kidogo ya mita 1,500. Mwinuko huo si jambo la watalii peke yao.

Kwanza tukubaliane maana ya bajeti finyu. Hapa ni mfuko wa mtu ambaye angeweza kununua televisheni ya inchi 43 au 50, akaishia hapo. Ni mwalimu, muuguzi, mwenye duka la pembejeo. Anataka familia ikae pamoja mbele ya picha kubwa, kama watu walivyokaa miaka yote katika vibanda umiza kusikiliza filamu zilizotafsiriwa na Lufufu na waliomfuata, ila safari hii iwe sebuleni kwake. Haja yenyewe ina mizizi mirefu. Tangu 1935 hadi 1937 mradi wa sinema wa kikoloni uliokuwa na makao yake Vugiri, kule Usambara, ulitengeneza filamu na kuzizungusha kwa lori, zikioneshwa kwa projekta mbele ya umati uliokusanyika usiku. Wale watu wa lori walikuwa na kitu kimoja ambacho sebule ya leo haina kwa urahisi. Walikuwa na giza la kutosha.

Tuanze na lumeni. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka katika mashine. Lakini jicho halioni mwanga unaotoka. Linaona mwanga uliofika ukutani na kurudi. Mwanga unaofika juu ya kila mita ya mraba hupimwa kwa laksi. Mkulima wa mpunga wa bonde la Usangu ataelewa tofauti hii bila shida. Lumeni ni maji yanayoingia kutoka mferejini, na laksi ni kina cha maji ndani ya jaruba. Maji yale yale yakiingizwa katika jaruba dogo yanafika kwenye kifundo cha mguu. Yakisambazwa katika jaruba kubwa yanalowesha udongo tu. Kwa hiyo mtu akikuambia lumeni bila kutaja ukubwa wa picha, amekutajia maji bila kukuonesha shamba.

Sasa tufanye hesabu. Picha ya filamu ya inchi 100, ikipimwa kona hadi kona, ina upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25. Eneo lake ni mita za mraba 2.76. Kumbi za sinema za kidijitali duniani hufuata kiwango cha mwangaza cha kandela 48 kwa kila mita ya mraba, na ukuta mweupe usiong'aa huhitaji kupokea takriban laksi 151 ili urudishe kiasi hicho. Zidisha 151 kwa 2.76, utapata lumeni 417. Fanya hivyo kwa inchi 80, ambayo ina eneo la mita za mraba 1.76, upate karibu 266. Kwa inchi 120, eneo linafika mita za mraba karibu 4 na hitaji linafika lumeni 600. Hizi ndizo lumeni za kuangalia filamu kama ilivyokusudiwa na aliyeitengeneza, ikiwa chumba ni giza.

Msomaji atashangaa hapa. Ikiwa 417 zinatosha, 9,000 za nini? Jibu ni kwamba zile 417 ni lumeni zilizopimwa ukutani, na zile 9,000 mara nyingi hazikupimwa popote, au ni hesabu ya nguvu ya balbu kabla mwanga haujapita katika vioo, paneli na lenzi. Ipo njia ya kupima inayoaminika, iliyowekwa na taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, mwaka 1992. Picha nyeupe hugawanywa katika sehemu tisa, mwanga hupimwa katikati ya kila sehemu, wastani huchukuliwa na kuzidishwa kwa eneo. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lina kipimo kinachofanana nacho, namba 21118. Kwa hiyo neno la kutafuta kwenye boksi ni ANSI au ISO kando ya namba. Mashine nyingi ndogo za bei ya chini, zikipimwa hivyo, hutoa kati ya lumeni 100 na 300. Tuseme yako inatoa 200. Gawanya 200 kwa 151, utapata mita za mraba 1.32, yaani picha ya inchi 69. Huo ndio ukubwa wake wa haki. Ukiitanua hadi inchi 200 picha itaonekana, ila kwa kina cha maji kisicholowesha hata unyayo.

Niseme jambo moja pembeni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Namba isiyo na kipimo juu ya boksi ni dai kama madai mengine, na mnunuzi ana haki ya kuuliza lilipimwaje.

Tunakuja kwenye giza, na hapa ndipo penye uzito. Projekta inajua kutoa mwanga tu. Haijui kutoa weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni sehemu ya ukuta ambayo haikumulikwa. Kama chumba kina mwanga wa dirishani, weusi wako utakuwa rangi ya ukuta unaoonekana kwa mwanga huo. Tuseme mashine inaleta laksi 150 ukutani, na dirisha linaleta laksi 100 juu ya ukuta huo huo. Sehemu nyeupe zaidi ya picha ina 250, sehemu nyeusi zaidi ina 100. Uwiano ni mara mbili na nusu. Sura ya mwigizaji usiku itakuwa doa la kijivu ndani ya kijivu. Sasa vuta pazia zito, mwanga wa nje ushuke hadi laksi 5. Nyeupe ina 155, nyeusi 5. Uwiano ni 31. Mashine haikubadilika hata kidogo.

Tugeuze swali. Je, bila pazia, tungehitaji lumeni ngapi ili kupata uwiano ule ule wa 31? Nyeupe ingepaswa kufika laksi 3,100 dhidi ya 100. Kwa hiyo mashine ilete 3,000, na kwa picha ya inchi 100 hizo ni lumeni 8,280 za kweli, ambazo hupatikana katika mashine za kumbi za mikutano na makanisa makubwa. Pazia lenye bitana nyeusi limefanya kazi ya mashine ishirini. Mtu mwenye bajeti finyu asiisahau hesabu hii, kwa sababu fundi wa kushona mapazia yuko mtaani kwake na bei yake inajadilika.

Lakini giza lina saa yake pia. Tanzania nzima hutumia saa moja, ila jua halifuati saa hiyo. Mbeya iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi sita za longitudo, hivyo jua huzama huko kama dakika 23 baadaye. Mwezi Juni Mbeya jua huzama karibu saa 12:35 jioni; mwishoni mwa Desemba huzama baada ya saa 1:00 usiku. Iringa hutangulia kidogo. Sasa angalia ratiba ya nyumba. Mechi nyingi za Ligi Kuu huanza saa 10 alasiri. Mechi za Jumamosi za Uingereza, zile za alasiri ya kwao, huanza hapa saa 11 au saa 12 jioni kufuatana na majira yao. Katuni za watoto ni asubuhi ya Jumamosi. Vyote hivyo ni vya mchana wa Mbeya. Tamthilia na filamu ni za usiku. Kabla ya kwenda dukani, andika kwa wiki moja ni nini kinaangaliwa nyumbani na saa ngapi. Karatasi hiyo itakuonesha zaidi ya boksi lolote.

Namba ya pili ni ukali wa picha. Picha ya kidijitali hujengwa kwa pikseli, yaani vitone vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Paneli iliyo ndani ya projekta ina idadi yake ya vitone ambayo haiongezeki. Huo ndio ukali wake wa asili. Neno "inasapoti" lina maana nyingine kabisa. Maana yake ni kwamba mashine inakubali kupokea picha ya vitone vingi, kisha inaipunguza hadi idadi iliyonayo. Mashine yenye vitone 800 kwa 480 inaweza kusapoti 4K, kama vile ndoo ya lita kumi inavyokubali kumiminiwa pipa zima. Kinachobaki ndani ni lita kumi. Katika inchi 80, ukikaa mita tatu, paneli ya 800 kwa 480 itakuonesha vitone vyake, na maandishi ya chini ya filamu yatakuwa na meno. Ya 1280 kwa 720 inavumilika. Ya 1920 kwa 1080 inatosha kwa nyumba, na kwa bajeti hii sioni sababu ya kutafuta zaidi.

Ipo njia nyingine inayowavutia wengi, projekta za mtumba zilizotoka maofisini na vyuoni ng'ambo. Hizi hutoa lumeni 2,500 au 3,000 za kweli, zilizopimwa kwa njia niliyoieleza, na kwa sababu hiyo zinaonekana ni bahati. Zichunguzwe pande tatu. Kwanza, nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya slaidi, na paneli yake ni 1024 kwa 768, umbo la karibu mraba. Filamu pana ikiingia humo hutumia safu 576 tu, nyingine zinabaki tupu juu na chini. Pili, baadhi hutumia gurudumu la rangi linalozunguka mbele ya taa, na gurudumu hilo huwa na kipande cheupe kinachopandisha lumeni za karatasi nyeupe bila kupandisha za rangi. Jedwali la mahesabu linang'aa, nyekundu ya jezi inafifia. Tatu ni taa yenyewe, na hiyo inahitaji aya yake.

Taa ya projekta za ofisi ni ya mvuke wa zebaki ulio katika shinikizo kubwa. Huishi saa 2,000 hadi 5,000 katika matumizi ya kawaida, na mwangaza wake hushuka njiani, kwa hiyo taa iliyofika nusu ya maisha haitoi lumeni za kwenye kitabu chake. Familia inayoangalia saa tatu kila usiku hutumia saa 1,095 kwa mwaka. Menyu ya mashine huonesha saa ambazo taa imetumika; muombe muuzaji aifungue, ila ujue kwamba hesabu hiyo inaweza kurudishwa sifuri kwa kubonyeza vitufe viwili. Taa halisi mpya mara nyingi inakaribia bei ya mashine yenyewe ya mtumba. Tena, taa hii ikizimwa hutaka feni iendelee kuzunguka kwa dakika moja au mbili ili ipoe. Umeme ukikatika ghafla, feni nayo inasimama wakati taa bado ni ya moto mkali, na kila mara hiyo humega maisha yake. UPS ndogo ya kompyuta humpa mwenye mashine dakika chache za kuizima kwa utaratibu, na gharama yake ihesabiwe ndani ya bei ya mtumba.

Taa za LED hazina shida hiyo. Watengenezaji huzipa saa 20,000 au 30,000, na kwa saa tatu kila usiku hiyo ni zaidi ya miaka 18. Nisieleweke kwamba mashine itaishi miaka 18. Katika projekta ndogo za LED kinachokufa kwanza ni feni, au ubao wa umeme, au kichujio kilicho kando ya paneli ambacho kikiungua kwa joto huacha doa la njano katikati ya picha. Adui wa mashine hizi ni joto.

Na joto ndilo linaloturudisha kwenye mwinuko. Feni huondoa joto kwa kupitisha hewa, na uwezo wa hewa kubeba joto unategemea uzito wa hewa iliyopita, siyo ujazo wake. Katika mita 1,700 shinikizo la hewa ni karibu asilimia 82 ya lile la pwani. Feni inazunguka kwa kasi ile ile, inapitisha ujazo ule ule, lakini mzigo wa joto unaobebwa ni pungufu. Ndiyo maana watengenezaji wakubwa huweka katika menyu hali maalumu ya maeneo ya juu, na mpaka wanaoutaja mara nyingi ni mita 1,500. Ukiiwasha, feni huongeza kasi. Mbeya imeshauvuka mpaka huo, Iringa iko juu yake kidogo, Njombe iko mbali zaidi. Mashine ndogo za bei ya chini kwa kawaida hazina hali hiyo kabisa, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba zitafika huku.

Je, basi watu wa Nyanda za Juu waziogope? Tusiharakishe, kwa sababu huku kuna baridi pia. Tuchukue mashine ambayo Dar es Salaam inavuta hewa ya nyuzi 30 na kuipandisha kwa nyuzi 30, ikatoka na nyuzi 60. Ipeleke Mbeya usiku wa Julai, sebuleni kukiwa na nyuzi 15. Hewa baridi ni nzito kidogo kuliko ya joto, kwa hiyo uzito wake unafika karibu asilimia 86 ya ule wa Dar. Mashine itaipandisha kwa nyuzi 35 badala ya 30. Kumi na tano ukiongeza thelathini na tano ni hamsini. Imepoa kuliko ilivyokuwa pwani. Lakini ihamishie kwenye chumba kilichofungwa chini ya bati bila dari, mchana wa Oktoba, hewa iwe nyuzi 28. Ongezeko linakuwa karibu 36, na hewa inatoka na nyuzi 64. Ikiwa mashine imesukumwa kwenye pembe ya kabati, ikavuta tena hewa iliyoitoa yenyewe, namba inazidi kupanda. Hitimisho la hesabu hii ni dogo na la manufaa. Hewa nyepesi husamehewa na baridi ya usiku, haisamehewi na chumba cha moto wala kabati. Mashine iachiwe nafasi ya sentimita thelathini kila upande.

Mwinuko huo unaleta na kelele. Feni inayokimbia kufidia hewa nyepesi inasikika, na usiku wa Gangilonga, Iringa, au Forest, Mbeya, ni mtulivu. Mashine iliyokuwa kimya dukani Kariakoo, penye honi na wachuuzi, inaweza kukukera kwako.

Baridi nayo ina hatari yake, ambayo inanigusa zaidi ya mashine. Juni na Julai nyumba nyingi za Mbeya huingiza jiko la mkaa ndani ili kupata joto. Kwa projekta, jiko hilo ni masizi yanayofyonzwa na feni hadi kwenye lenzi, na ni ukungu kwenye kioo baridi. Kwa watu, ni sumu isiyo na harufu. Tumeshauriana kushusha pazia zito, na kwa baridi madirisha hufungwa. Chumba cha namna hiyo na jiko la mkaa havikai pamoja hata kwa filamu moja. Blanketi linatosha.

Vumbi la kiangazi nalo lihesabiwe, hasa Iringa, ambako kuanzia Juni hadi Oktoba hakuna kinachobaki safi. Katika mashine ambazo njia ya mwanga iko wazi, hewa ya kupoza hupita juu ya paneli, na punje moja ya vumbi iliyotua hapo huonekana ukutani kama doa kubwa kama sarafu. Mashine zilizofungwa njia ya mwanga huepuka hili. Muuzaji anaweza asijue tofauti. Tafuta katika maelezo ya mtengenezaji neno linaloonesha kwamba sehemu ya mwanga imezibwa, na uulize kama kuna kichujio kinachotoka kwa ajili ya kuoshwa.

Namba ya tatu, inchi, tumeshaigusa kwenye lumeni, lakini inategemea pia umbali kati ya mashine na ukuta, na umbali huo hauchaguliwi na mnunuzi. Unachaguliwa na lenzi. Kila projekta ina uwiano wa umbali kwa upana wa picha. Uwiano wa 1.2 maana yake ni kwamba kwa picha yenye upana wa mita 2.21 mashine ikae mita 2.65 kutoka ukutani. Kwa picha ya inchi 80, yenye upana wa mita 1.77, ikae mita 2.12. Sebule ya futi 12 kwa 12 ina mita 3.66, hivyo uwiano huo unakaa vizuri. Uwiano wa 2 kwa inchi 100 ungeitoa mashine nje ya ukuta wa nyuma. Pia iwekwe mkabala na ukuta. Ikiinamishwa, mstatili hugeuka trapeza, na kitufe cha kunyoosha umbo hufanya hivyo kwa kuzima vitone vya pembeni, yaani unalipia 1080 na kuangalia pungufu. Ubao na misumari michache ya fundi seremala hunyoosha vizuri zaidi.

Ukuta wenyewe usipuuzwe. Lipu ikisawazishwa na kupakwa rangi nyeupe isiyong'aa inafanya kazi nzuri kiasi kwamba skrini ya kununua inaweza kusubiri. Rangi ya mafuta inayong'aa iepukwe, kwa kuwa hurudisha mwanga wa taa kama kioo. Kuta za pembeni zikiwa nyeupe nazo hurudisha mwanga juu ya picha. Kitambaa cheusi upande mmoja husaidia.

Kwa waya maelezo ni mafupi. King'amuzi kiwe na tundu la HDMI. Zile waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe hupitisha picha ya ukali wa chini, na paneli ya 1080 haitaiokoa. Sauti ya spika ya ndani ya projekta ndogo isitegemewe, hasa mahali ambapo kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hupiga bati wakati wowote ipendavyo. Sabufa ambayo tayari iko nyumbani inatosha, ila iunganishwe kwa waya. Kwa bluutuuthi sauti hufika imechelewa, na midomo inaachana na maneno.

Umeme nao una namba. Projekta ya taa ya zebaki hutumia takriban wati 300. Filamu ya saa mbili ni yuniti 0.6, na kwa mwezi wa filamu kila usiku ni yuniti 18. Ya LED ya wati 80 ni yuniti 4.8 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo katika kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO, wanaotakiwa wasizidi yuniti 75 kwa mwezi, zile 18 ni karibu robo ya haki yao yote.

Tumefika mahali pa kuamua. Ikiwa karatasi ya wiki moja imeonesha kwamba nyumba huangalia zaidi mchana, mechi za saa 10 na katuni za asubuhi, nunua televisheni, wala usijione umepungukiwa. Kioo chake hubaki cheusi kinapozimwa, na ukuta hauwezi hilo. Ikiwa mnaangalia usiku, rai yangu ni projekta ya LED yenye njia ya mwanga iliyozibwa, paneli ya asili ya 1920 kwa 1080, na lumeni 300 hadi 400 zilizoandikwa ANSI au ISO, kwa picha ya inchi 80. Lumeni 300 juu ya mita za mraba 1.76 ni laksi 170, zaidi kidogo ya kiwango cha sinema. Tamaa ya inchi 120 iwekwe kando. Fedha ya kwanza itoke kwa ajili ya pazia na rangi ya ukuta, kabla ya mashine. Mtumba wa ofisini ninaushauri kwa kikundi tu, kwaya au shule, penye taa ambazo haziwezi kuzimwa na penye mtu wa kuitunza.

Nunua karibu na unapoishi ukiweza, hata kama Kariakoo ni nafuu kidogo, kwa kuwa Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mashine yenye kasoro haisafiri bure kwenye buti la basi. Nenda na flashi yenye filamu uijuayo, iliyo na tukio la usiku na maandishi madogo. Omba muuzaji azime taa za duka na aisogeze mashine hadi picha iwe na upana wa mita 1.77; utepe wa kupimia wa fundi cherehani utatosha. Soma maandishi ya pembeni, kwa sababu lenzi dhaifu huwa kali katikati tu. Kisha iache ikiwaka, uende sokoni ukanunue mboga. Ukirudi baada ya saa moja na nusu, weka kiganja penye tundu la hewa, sikiliza feni, tazama kama picha bado ina ukali ule ule ulioiacha nao.